Majina Thelathini na Manane ya Kina Soud

Woolwich,
London.
26 Januari 2026.

Mpendwa ndugu yangu Rajab,

"Reli ya Mombasa ilijengwa na Wahindi. Waswahili waliitazama ikipita." Maneno hayo nimeambiwa jana usoni, na bado yananichoma. Lakini hata hasira haina ruhusa ya kutangulia salamu, kwa hiyo nikuulize kwanza: hujambo? Kifua kimepoa? Wifi Mwanasha na watoto, je? Sisi huku ni wazima, ila baridi imetufungia ndani.

Aliyesema ni Mzee Chaman wa Stanmore, mzaliwa wa Nairobi, anayeandaa maonyesho ya wajenzi wa reli. Babu wa baba yake alitoka Punjab akafia Tsavo. Hilo silikatai; Wahindi walikufa wengi mno, na anayewasahau hana haya. Ninalolikataa ni hilo la kutazama. Nikamwuliza: "Nyika ya Taru haina maji, Mzee. Waliotangulia kupima njia walikunywa nini? Na nani aliwabebea?"

Alinifunulia nakala ya daftari la wapagazi, akaweka kidole: Mnyapara Soud na watu 38.

"Huyu ndiye babu yenu? Mtu mmoja hajengi reli, bibi. Wangu mimi nina majina yao. Wewe lete ya wako, nitayatundika ukutani. Nafungua mwisho wa Februari."

Nikamwambia yako kwetu Voi, yanasomwa kila mwaka. Niliringa, Rajab. Nilimweleza kwamba Babu Soud, alipoona wenzake wamehesabiwa kama mizigo, aliusia watajwe mmoja mmoja katika hitima yetu, maana wengi walikufa njiani bila jamaa wa kuwaombea.

Kisha nikampigia Shangazi Mwanamwema. Kumbe huyasomi tena. Mwaka wa tatu huu unasema "na wote waliotutangulia," unafunga dua, kwa sababu wageni wana haraka na pilau inapoa.

Karani wa Kizungu aliandika "na watu 38." Wewe unasoma "na wote." Nionyeshe tofauti.

Shangazi alijaribu kunitajia, nami nikaandika nyuma ya bahasha ya Uhamiaji. Alifika la ishirini na sita akakwama. Akaanza upya, akakwama palepale, nikasikia analia. Yeye na mimi tuliwekwa jikoni siku zote, tukiyasikia nyuma ya pazia pamoja na kelele za masufuria. Wanaume ndio mliofundishwa, na kati ya hao umebaki wewe peke yako.

Ningekuja mwenyewe nikakukalia mlangoni. Lakini pasipoti yangu iko kwa Uhamiaji, mwezi wa kumi na sita huu. Nikitoka, ombi langu limekufa, na sirudi tena kwa binti yangu Miska. Treni ya hapa Woolwich inakwenda moja kwa moja mpaka uwanja wa ndege. Alhamisi nitamsindikiza Placida, mwenzangu wa kazini na mtu wa Voi, anayekuletea barua hii kwa kuwa simu zangu hupokei. Nitafika naye mpaka pale wasiosafiri wanaporudishwa, kisha nitageuka na treni ileile.

Nisalimie Wifi Mwanasha, Suhaib na wadogo zake. Mbusu Shangazi mkono. Mungu akuponye kifua na akuhifadhie kumbukumbu.

Nawe pamoja na wanaume wote mtakaokaa mkekani kwa hitima kabla ya Ramadhani, nawataka hili: yasomwe yote, polepole, na Shangazi akae mbele. Asiyeweza kungoja la mwisho akale kwake.

Lakini mimi sitangoja hitima. Placida amesimama mbele yako na kalamu. Kabla hujaikunja barua hii, mtajie la ishirini na saba.

Wako akupendaye,
Dada yako Hayat