Mvua Ambayo Haikunyesha

Jumapili, 3 Novemba 2024

Tumetoka sinema sasa hivi. Wifi yangu Suet-man ndiye aliyeiandika filamu—ya kwanza yake—na ukoo mzima tulikwenda. Mpishi wa wali wa chungu, mkahawa mdogo hapa hapa mtaani kwetu, Sham Shui Po, na muuza vitambaa wa ghorofa ya juu. Yaani sisi! Mume wangu Tat na mimi, kwenye skrini kubwa kuliko nyumba yetu.

Watu walivunjika mbavu. Nami nilicheka—mpaka ilipofika mvua. Mpishi kabeba chungu cha moto, anapanda ngazi kalowa chapachapa, anagonga kwa muuza vitambaa: “Wali ukipoa hauliki—na mimi napoa!” Ukumbi ukapiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu alimwambia mwenzake kwamba mwanamke yule ana bahati yake, kajikalia tu, mapenzi yamemfuata na kijiko juu.

Hapakuwa na mvua. Hakuna aliyepanda ngazi. Mimi ndiye niliyekwenda! Kipupwe kizima nilikula wali wa Tat, yeye hainui kichwa. Siku moja nikapita kaunta, nikaingia mpaka jikoni, nikamwambia: “Wali wako wa kawaida tu. Mimi nakuja kwa ajili yako.” Akaangusha chungu. Sijawahi kuwa jasiri vile, kabla wala baada.

Tat njia nzima anapiga mluzi.

Jumanne, 5 Novemba

Maoni ya watazamaji. Tat anayasoma kwenye simu huku anakata soseji. “Mpishi ataniua huyu!” “Mwanaume kama huyo anapatikana wapi, nihamie Sham Shui Po leo hii.” Mmoja kalalamika soseji za kwenye filamu zimekatwa ovyo—Tat akakubaliana naye sana.

Na muuza vitambaa? “Baridi kama samaki wa kwenye barafu.” “Anapokea tu, anapokea tu, hata asante hana.” “Hamstahili mpishi yule.” Huyo wa “hamstahili” wamempa mioyo chungu nzima.

Tat kacheka. “Samaki wa barafu, hebu nipe vitunguu!”

Nikampa.

Ijumaa, 8 Novemba

Foleni mpaka mbele ya duka la vifungo! Mtu kaandika mtandaoni kwamba mpishi wa kweli yupo hapa. Mume wangu, mtu wa kujificha nyuma ya moshi hata jamaa zake wakija kula—leo kanyoa, kavaa aproni mpya, anapeleka vyungu mezani mwenyewe. Anafunua kifuniko taratibu. “Wali ukipoa hauliki...” Meza nzima inamalizia: “NA MIMI NAPOA!”

Wasichana wa chuo walinitazama nikifuta meza. Mmoja kanong’ona, ndiye huyu? Mwenzake akasema alidhani atakuwa mrembo kidogo. Nikawamiminia chai. Sikumwaga hata tone. Najivunia hilo—upuuzi gani huu wa kujivunia?

Jumamosi, 9 Novemba

Foleni. Miguu imevimba. Kutwa nzima Tat hajaniambia neno ambalo halimo kwenye filamu.

Jumatano, 13 Novemba

Suet-man alikuja kula. Nikamvuta stoo, katikati ya magunia ya mchele. Nikamwuliza: kwa nini umegeuza mambo?

“Wifi, usinune. Mimi niliandika vilevile ilivyokuwa. Wenye pesa za filamu wakasema mwanamke akimfuata mwanaume, watu hawacheki, wanamwonea huruma.”

“Kwa hiyo ukanifuta.”

“Sikukufuta bila kuuliza! Nilimpigia kaka kwanza.”

“Akasema?”

Akaanza kuchezea kamba ya gunia. “Alisema geuza tu. Alisema ni bora hivyo.”

Kumbe Tat anajua tangu kiangazi, alipopigiwa simu hiyo! Pale sinema alikuwa kakaa kando yangu, ananipitishia bisi, anajua kinachokuja.

Alhamisi, 14 Novemba

Nilimwuliza asubuhi, kabla ya kufungua mlango. Kwanza akajichekesha. Halafu akafoka: “Unataka nisimame niwaambie watu mke wangu ndiye aliyenitongoza? Niwe kichekesho cha mtaa?”

“Ndivyo ilivyokuwa.”

“Ilikuwa hivyo mimi na wewe tu! Inawahusu nini wao?”

Akawasha moto. Akapanga vyungu. Halafu sauti ikashuka, kama anavisemesha vyungu: “Lai-har, maisha yangu yote nimekaa kwenye moshi. Hakuna mtu aliyewahi kuniona.”

“Mimi nilikuona.”

Feni ya moshi ilikuwa inanguruma. “Eh?”

Nikamwambia moto umezidi.

Jumapili, 17 Novemba

Naandikia stoo, juu ya gunia. Wamekuja watu wa chaneli ya vyakula, wana taa na kipaza sauti. Tat wamempaka poda. Kapendeza, jamani! Amesimulia ile mvua—na ameongeza! Eti alianguka kwenye ngazi, eti goti lina kovu mpaka leo. Kovu lile ni la mafuta. Mimi ndiye niliyelipaka dawa.

Kisha binti wa kipaza sauti akanigeukia. “Na wewe, dada? Siku ile ulipofungua mlango ukamwona kalowa vile, moyo ulisemaje?”

Nikasema nakwenda kujipodoa kwanza.

Tat alikuja hapa stoo. Hakuingia. “Sema chochote unachotaka,” alisema. Nilidhani ananitega. Lakini mikono alikuwa anaifuta, anaifuta, na ilikuwa mikavu. “Chochote. Ila ukisema ile ya kweli... usiseme wali ulikuwa wa kawaida.”

Nimecheka! Ilinitoka tu. Naye akacheka kidogo, kisha akajikumbuka, akarudi kwenye taa zao.

Mlango uko wazi kidogo. Wameweka stuli mbili. Binti anamwomba Tat aseme tena ule mstari wa wali, wapime sauti. Hasemi. Binti anamwuliza kama ameusahau. Tat ameinamisha kichwa, watu wa foleni wanachungulia dirishani, simu zimeinuliwa juu, na mmoja keshaanza kumchombeza: “Wali ukipoa...”

Anautazama mlango huu wa stoo. Ananisubiri.

“Dada, upo tayari?”

Nimesema naja.