Kuhesabu kwa Macho

Kyela, Jumamosi asubuhi

Mdogo wangu Damari,

Ugonile. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limepoa tangu mvua zilipopungua. Sisi huku hatujambo, mpunga umeanza kuinama, na wifi yako Tusajigwe anakusalimu sana. Namwomba Brenda mkweo akusomee taratibu, asiruke mstari, hata akifika mahali ambapo angependa kuruka.

Wengi wetu tunaofundisha watoto nyumbani tunakosea jambo moja: tunadhani mtoto anayeimba moja hadi ishirini bila kukwama ndiye anayejua kuhesabu. Kuimba ni kazi ya ulimi. Kuhesabu ni kujua kwamba ndani ya neno "tano" mna vitu vitano. Nilifundisha miaka thelathini na minne, na hili niliwaeleza wazazi wengi. Kumbe kulieleza si kulishika.

Mjukuu wako Lusungu amekaa kwetu tangu Januari asome darasa la awali. Kila jioni nilimketisha mkekani. Akihesabu, aliruka nne, na kila siku ni nne ileile. Herufi aliziimba a, e, i, o, u huku akitazama kuku. Nikimwonyesha moja peke yake, hakuitambua. Nikapandisha sauti. Mwezi uliopita nilimwambia mwanao Ezekia kwamba binti yake ni mzito, amrudishe Ikombe akajifunze ufinyanzi kwako wewe bibi yake. Hakubisha. Angebishaje, na mimi ndiye mwalimu wa ukoo? Ndiyo sababu leo amekuja kumchukua na virago vyake vyote.

Jumapili ya wiki iliyopita tulipata wageni kutoka kanisani. Tusajigwe alimtuma Lusungu alete sahani. Mtoto alisimama mlangoni, akatutazama mara moja, akaenda, akarudi na sahani tisa. Tulikuwa tisa, yeye akiwemo. Nikamwambia azihesabu. Akaimba, akaruka nne, akaishia kumi. Wageni wakacheka. Nikamuuliza kwa ukali kama ni kumi kweli. Akanishangaa.

"Babu, ya kumi angekula nani?"

Tusajigwe alikuwa anapakua wali. Hakuinua hata uso. "Mwalimu, mwenzio anahesabu kwa macho. Wewe unamdai ahesabu kwa mdomo."

Kesho yake nilikunja mkeka. Nilimpa udongo wa kichuguu, akafinyanga o, kisha u. Siku ya tatu alizijua zote tano, akawa anazitafuta kwenye pakiti ya chumvi. Nne nayo ilikaa mahali pake siku alipotugawia ndizi, mimi, bibi, yeye na jirani, kila mtu yake.

Leo asubuhi Ezekia alipofika, nilikuwa na nafasi ya kumwambia kwamba nilikosea. Nilimkaribisha chai, nikazungumzia mvua. Nilijua nikianza kusema hilo, nitalazimika kusema na hili linalofuata.

Wageni wale walipocheka, nilikuona wewe. Una miaka saba. Baba amepakia vyungu mtumbwini kwenda soko la Matema, nami niliye darasa la nne nimevihesabu mbele ya watu: thelathini na viwili. Ukasema kimoja sikukiona. Baba akahesabu upya, vikawa thelathini na vitatu. Akasema mwalimu kashindwa na mwanafunzi wake, na wapiga kasia wakanitania hadi Matema na kurudi.

Wiki ileile baba aliniuliza kama ulikuwa tayari kuandikishwa shule, kwa kuwa kazi ya kukufundisha nyumbani alikuwa ameniachia mimi. Nikamjibu, "Damari hawezi. Kichwa chake hakishiki."

Nilijua ni uongo wakati nausema. Baba aliuamini kwa sababu mimi nilikuwa nimesoma. Hakukuandikisha, wala hakuniuliza tena.

Miaka yote hii umetania kwamba Mungu alipogawa vichwa, mimi alinipa cha kusomea na wewe cha kubebea vyungu. Ulilisema hata kwenye harusi ya Ezekia. Nilicheka pamoja na watu.

Na maneno yaleyale niliyosema juu yako nimeyarudia juu ya mjukuu wako, na nimeaminiwa tena. Siombi uniambie kwamba si kitu. Nilipaswa kuja mwenyewe, lakini nimeogopa uso wako, nikachagua karatasi nikijua huwezi kuisoma bila mtu mwingine kusikia. Hapo pia nimekukosea. Ukiniruhusu nije, nitakuja.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani. Barua hii anakuletea Ezekia, na Tusajigwe amekufungia mchele kidogo. Ezekia hataniamini nikibadili kauli; wewe atakusikia. Brenda akishakunja karatasi hii, mwite Ezekia leo hii umwambie kwamba Lusungu atarudi shule.

Kaka yako,
Ambilikile