Jembe la Kwanza kwenye Kahawa ya Baba

Mashamba ya miwa, Kilombero
Septemba 1995

Mama yangu mpendwa,

Amahoro, Mama. Najua anayesoma ni Yusta, na wewe umekaa mkekani mlangoni, umenyoosha miguu, unamwambia apaze sauti. Yusta, mdogo wangu, soma polepole, usimeze maneno kama ulivyozoea, na usiruke mahali ninapokutaja wewe. Mguu unaendeleaje, Mama? Ile dawa ya kuchua uliyopewa Kasulu imesaidia? Mbuzi je, amezaa? Mawingu yameanza kujikusanya upande wa Burundi, au bado jua linawaka tu? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini si ugonjwa, ni kazi.

Barua yenu nilipewa tukitoka shambani. Niliisoma nimesimama juani, kisha nikaisoma tena nimekaa. Mwanzoni nilicheka, baadaye sikucheka tena.

Ngoja niseme kwanza la kuchekesha. Yusta ameniandikia jinsi ulivyokwenda ofisi ya kijiji umevaa kitenge cha kanisani, kuku kwapani, kuomba ruhusa ya kung'oa kahawa yako mwenyewe. Mtendaji akadhani umekuja kushtaki mtu. Akakuuliza, "Unaomba nini, Mama?" Ukamjibu, "Naomba nisifungwe."

Mama! Huko Burundi ulikozaliwa, mtu aking'oa kahawa alipelekwa gerezani, sawa. Lakini umekaa Kitanga tangu mimi nabebwa mgongoni, na miaka yote hiyo umepalilia mibuni ambayo hata hatukuichuma, kwa kumwogopa askari aliyebaki ng'ambo ya mpaka. Mtendaji anakwambia shamba ni lako, panda hata maua ukitaka, anakurudishia na kuku wako, halafu wewe unarudi nyumbani umenuna kama mtu aliyenyimwa haki yake! Nilicheka mpaka Ndunguru, Mngoni ninayekaa naye chumba kimoja, akaniuliza kulikoni. Nikamsomea. Naye akacheka hadi akakohoa, akasema mama yangu na mama yake wangekutana wangeelewana sana.

Sasa hayo mliyoyapanga. Nimeyasoma mara nyingi kuliko mengine yote. Kwamba kahawa itoke, mahali pake muweke migomba, na chini ya migomba maharage na magimbi. Kwamba dukani mtanunua chumvi, mafuta ya taa na viberiti tu, mengine yote yatoke kwenye mikono yenu. Asali ya mizinga ya baba mdogo badala ya sukari. Sabuni mpike wenyewe kwa majivu ya maganda ya ndizi na mawese mtakayobadilishana na maharage. Yusta, unasema sabuni yako ya kwanza ilikuchubua mikono. Umezidisha maji ya majivu. Yapunguze, uiache ikauke vizuri kabla ya kuitumia, na usimpe Mama aijaribu kabla yako.

Nilivyosoma nilitamani niwepo. Sisemi kwa kuwafurahisha. Niliona ule ua, nikaona moshi wa sabuni ukipita juu ya paa, nikaona Mama unalalamika kwamba sufuria yako ya ugali imeharibiwa. Moyo uliniuma, nikatoka nje nikanawa uso.

Maana huku, Mama, tunaishi kinyume. Pande zote nne ni shamba, jicho haliwezi kufika mwisho wake, na hakuna hata jani moja la kula. Mchicha tunanunua. Mkaa tunanunua. Ndizi zinakuja kwa lori, zimeshageuka nyeusi, nazo tunanunua. Nimezungukwa na miwa tangu asubuhi, na sukari ya uji naifuata dukani kama mtu mwingine yeyote. Masika yaliyopita nilipanda maharage nyuma ya nyumba zetu, kile kipande kidogo kinachofika kwenye mfereji. Nilitumia zile mbegu zako za kuchanganya, za njano na za madoadoa, ulizonifungia kwenye kitambaa. Yakatoka vizuri, yakaanza kutoa maua. Msimamizi akapita, akasema ardhi ya kampuni si ya kufanyia bustani, akatuma watu wakafyeka. Mmoja wa waliofyeka alikuwa Ndunguru. Alikuja jioni kuniomba radhi, akiwa amebeba majani machache ya maharage tukayapika mboga.

Ndiyo maana nawaambia, hayo mnayoyafanya si umaskini, hata kama majirani wanasema mnarudi nyuma. Wakiwasema, waacheni wakanunue sabuni.

Sasa lile lililoniondolea kicheko. Baba mdogo Laurenti amesema kahawa haiguswi. Amesema mti uliopandwa na marehemu hung'olewa na mwanawe mkubwa. Mwana huyo ndiye apige jembe la kwanza, ndipo wengine wafuate, na mwanamke hawezi kuanza. Kwa hiyo mnaniuliza nakuja lini, maana mvua zikianza kabla visiki havijatoka, migomba itasubiri mwaka mwingine, na mtaendelea kununua kila kitu mkitunza miti isiyowalisha.

Namwelewa baba mdogo. Hasemi kwa ubaya. Anakumbuka jinsi kaka yake alivyofika Kitanga hana kitu, akapewa kipande cha pori, na kabla hata nyumba haijaezekwa akapanda kahawa. Watu walimshangaa. Mkimbizi hupanda viazi na mahindi, vitu vya kuvuna upesi, kwa sababu hajui kesho yake. Baba akapanda mti wa kungoja miaka. Aliniambia nikiwa mdogo, tukitandaza nyasi pamoja: "Mwana wanje, mwanangu, anayepanda kahawa hahami tena." Akakaa kweli, na amelala hapo hapo.

Lakini mimi nakumbuka na jambo jingine. Kila jani la mgomba lililoanguka pale kwetu lilibebwa kwenda kutandazwa kwenye kahawa, na migomba yetu ikabaki imekonda. Na aliyebeba ni wewe, Mama, kwa mgongo wako. Baba alipanda, wewe ukailisha. Tulikula baada yake.

Kuja kabla ya mvua siwezi. Kukata miwa hakuishi mpaka kiwanda kifungwe, na anayeondoka katikati hapokelewi tena. Niliposhika kalamu nilitaka kuwaambia mnisubiri. Nilimwambia Ndunguru hivyo. Akaniuliza, "Wakisubiri, watakula nini?" Kusema kweli, Mama, sikuwa namfikiria Baba. Nilikuwa najifikiria mwenyewe. Nilitaka ile miti isimame pale, ili kila mkipita mseme: hii ni kazi ya Filberti, mpaka aje. Nilitaka kuwe na kitu nyumbani ambacho hakiwezi kwenda bila mimi.

Basi hili ndilo jibu langu, na Yusta amsomee baba mdogo mbele ya wazee. Mimi mwana mkubwa nimesema kahawa itoke kabla ya mvua. Jembe la kwanza lipigwe na Mama. Yusta amshike mkono kwa sababu ya mguu, lakini pigo liwe la Mama. Halafu waiteni majirani kwa ikibiri, walime pamoja siku moja, muwapikie maharage na ndizi wale washibe. Msiache hata mbuni mmoja eti wa kunikumbuka. Visiki vikikauka mpikie sabuni. Baba alitaka tukae hapo, na mtu hukaa mahali anapokula.

Nisalimieni baba mdogo Laurenti, mwambieni sijampinga, nimempa Mama nafasi yangu tu. Msalimieni shangazi anayeuza karanga njia ya Kasulu, na katekista aliyenifundisha kusoma. Wasalimieni hao ndugu wapya mliosema wamevuka mpaka wakikimbia vita, wakalala jikoni kwetu. Wapeni mbegu wakiondoka. Mtoto wa Yusta aambiwe mjomba wake ana meno yote, miwa haijayang'oa, nasikia ananiulizia hivyo.

Mama, kahawa ikishatoka hamtakuwa tena na shida yoyote inayonihitaji mimi. Mtakuwa na ndizi, na asali, na sabuni. Nafurahi, na inaniuma. Hata hivyo, niiteni nyumbani. Niiteni bila sababu yoyote.

Ni mimi mwanao,
Filberti