Fungate ya Pili ya Zuwena

Al Ansab, Maskati. Alkhamisi, Novemba 2008.

Leo kibaridi kimeingia, nimezima AC tangu asubuhi na madirisha yako wazi. Nyumba nzima inanukia singo. Moyo wangu tu ndo haujatulia. Binti yangu aliponifungulia blogu hii alinambia, "Mama, andika lolote." Basi naandika hili.

Mie ni somo. Kwa asojua, sie tuliotoka Unguja mtoto wa kike akiolewa hupewa mwanamke mtu mzima wa kumfunza ndoa. Siku saba za fungate somo humkalia mwari wake, humsinga, yaani humsugua mwili kwa singo ya maua na liwa ya kunukia, humlisha, humwambia yale ambayo mamaake anaona haya kuyatamka. Nimeshawasinga wari wengi hapa Maskati, na nlikuwa nikijiona fundi kweli kweli.

Zuwena ni mwari wangu. Miaka mitatu sasa tangu aolewe na Nasor, wakakaa Qurum, nyumba kubwa, mume na kazi yake nzuri. Jumatatu alinijia mkono wa kushoto umefungwa bendeji. Kateleza bafuni, kasema. Hospitali daktari alimuuliza kwa Kiarabu, kwa upole, zaidi ya mara moja, na jawabu lake likawa hilo hilo.

Mie sikumuuliza kitu. Nlitandika mkeka chumbani, nkamvua, nkaanza kumsinga kama siku ile ya harusi yake.

Mgongoni nkaona. Loo! Alama nyingine mbichi, nyingine za zamani.

Ndo hapo aliposema. Kalala kifudifudi, uso kaugeuzia ukutani, akayatoa kwa Kiswahili chetu yote aliyoshindwa kumwambia daktari. Mwaka wa pili huu anapigwa. Nkamwambia, mwanangu, mbona hukunambia mie somo wako?

"Somo, si wewe ulonifunza? Mume akighadhibika, funga mlango, na mdomo ufunge."

Kweli nlisema. Nakumbuka hadi vigelegele vilivyopigwa.

Nna hasira na Nasor, Mungu ananiona, lakini kila nikitaka kumlaani yeye najikuta mie mwenyewe nimesimama mbele. Nlimfunza kupika, kujifukiza udi, kupokea wageni. Lililomkaa zaidi ni kunyamaza, kwa sababu hilo nlilifunza kwa moyo wote. Nami ndivyo nlivyofunzwa.

Nkamwambia Zuwena, unakaa fungate. Siku saba, chumba changu, mkeka ule ule, bwana harusi hayumo. Asubuhi singo, mchana supu ya kuku, jioni namchua mafuta ya nazi pasipouma. Jana liwa ilinimwagikia kwenye miwani, akacheka mpaka akakohoa. Nlifurahi nkataka kuimwaga tena.

Leo baada ya alasiri wakaja wazee kutaka suluhu. Ammi Salum, ndugu wa babaake Zuwena, na babaake Nasor, na sinia ya halwa. Nkawatilia kahawa, heshima zote. Ammi akazungumza sana juu ya subira, kisha akanigeukia mie, kama ada ilivyo.

"Somo, kwani hukumfunza mtoto?"

Mwari akirudi kwao, wa kwanza kuulizwa ni somo wake. Jawabu linajulikana: unaomba radhi, unasema utamfunza tena, mtoto anavishwa abaya anatiwa garini. Nimeshajibu hivyo mara mbili, kwa wari wengine wawili. Nao walikuwa na alama. Sijapata kumwambia mtu haya.

"Nlimfunza, Ammi. Nlimfunza vibaya. Nlimwambia akipigwa anyamaze."

Nkaongeza kuwa mwari hatolewi fungate haijesha, na leo ndo kwanza siku ya nne. Babaake Nasor akasema hajapata kusikia fungate isokuwa na mume. Nkamwambia ndo umeshaisikia, sheikh wangu.

Mara mlango wa chumbani ukafunguka. Zuwena katoka mwenyewe, kanga zake mbili, liwa bado mashavuni.

"Shikamoo, Ammi. Kwa Nasor sirudi."

Ammi Salum aliitazama ile bendeji, akachukua bakora yake, akamwambia mwenzake, "Haya, umemsikia." Wakaondoka. Halwa yao nimewarudishia na sinia yake. La kuvunda halina ubani.

Najua halijesha. Kuna mahkama mbele, na maneno ya watu kuanzia Matrah mpaka huku. Hayo tutayabeba sote wawili.

Linalonila ni wale wari wangu wawili. Mmoja nimempigia simu leo, haijapokelewa. Wa pili sina hata nambari yake, nna nyumba yake tu kichwani, kwa sababu mie ndo nlomrudisha mpaka mlangoni.

Jumapili fungate ya Zuwena inakwisha. Jumatatu nakwenda kwao wote wawili, na singo yangu na mkeka. Nlikuwa niite teksi, Zuwena kasema mkono wake wa kulia mzima, ataendesha yeye.

Sijui kama watanifungulia.