Kimya Changu Kwa Simu

Jumatatu, 4 Agosti
Redioni asubuhi. Nimesoma habari ya upepo wa ziwa, kisha nikarekodi maneno yaleyale kwa simu, nikayatuma kwa kundi la simu la wenye mabwato. Redio yetu ya Nchelenge haifiki Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Simu inafika. Upepo ukiwa mubaya natuma sauti, ukiwa muzuri nanyamaza. Miaka yote ni hivyo.

Halafu barua. Biro ya redio, ile ya serikali inayotoa ruhusa ya kutangaza, inasema sauti ya kituo ikipita kwa simu ni matangazo mengine, tuache mpaka tupate ruhusa. Mengine gani? Mudomo ni huuhuu wangu!

Jumanne, 5 Agosti
Nimepigia biro ya redio. Eti mambo ya simu si yao. Biro ya simu: sisi tunachunga mitambo, maneno ni ya wale wa redio. Nikarudi kwa wale. Bibi mumoja akauliza, "Madamu, hilo kundi ni redio ao ni simu?"
"Mama, ni upepo!"
Akakata. Nimechoka na hawa watu.

Jumatano, 6 Agosti
Upepo mukali wa kusini. Nimeusoma redioni mara tatu. Kwa simu, hakuna kitu. Mukubwa wa kituo amekaa karibu yangu, anaogopa watatufungia. Namuelewa. Nimemuchukia vilevile.

Saa nane shemeji akapiga. Dada yangu Feza ametoka Kilwa na samaki yake, anakuja huku, bwato la watu tisa, na hawajafika. Nahodha aliangalia simu, akakuta kimya, akasema ziwa liko muzuri.

Mayo, mama yangu! Hasira ya biro ilinijaa kichwa, nikasahau kuambia kundi kwamba sauti zimekatazwa, kimya si upepo muzuri tena. Kimya changu ndicho kimewatoa Kilwa.

Alhamisi, 7 Agosti
Wamepatikana huko Puta, upande wetu wa kaskazini, wote tisa. Bwato lilipinduka, wakalishikilia mpaka wavuvi wakawaokota. Asante Yesu.

Feza amelala kwangu, mikono imechubuka. Ameniuliza, mimi dada yake mukubwa, kitu kimoja tu: "Yaya, mbona ulinyamaza?"
Nikaanza kumueleza barua. Nikajisikia mupumbavu, nikaacha.

Ijumaa, 8 Agosti
Ruhusa haijafika. Nimeshika simu. Mukubwa akaniangalia, akasimama, akatoka inje.

Ziwa limetulia leo. Nimewaambia kundi hivyo. Na kwamba toka sasa, hata likitulia, nitasema.