Barua Isiyopigwa Pasi

Jumanne, 14 Mei
Asubuhi. Manyunyu tangu alfajiri, ukungu umelimeza bomba la moshi la hospitali.

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako miwili, na Baba awe ameketi akitazama uani kama anavyopenda. Je, kidonda cha mgongoni kimekauka? Na ule mkono wa kulia, bado unagoma kushika kikombe? Nijibu hayo kwanza. Mimi mwili hauna neno. Mvuke umenitoa vipele shingoni, lakini hapa vipele tunavihesabu kuwa sare ya kazi.

Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi na sijavua hata viatu. Nikivua nitalala, na nikilala nitapata sababu ya kutokuandika.

Kwenye chumba cha kufulia mambo ni yale yale. Shuka za wodini zinatoka kwenye mashine, zinapita kwenye pasi kubwa, nami nazipokea upande wa pili na kuzikunja pembe kwa pembe. Anayeshika pembe za pili ni yule mama niliyekwisha kukuhadithia, tunayemwita Mama Wanga kwa sababu hata leso yake ya pua huitia wanga. Juzi aliniambia nizikunje vizuri kwa mara ya mwisho, maana nikishavaa gauni la wauguzi huko ng'ambo nitajifanya sijui pasi inashikwa wapi. Nilicheka sana. Usiku wa leo nimefanya naye kazi zamu nzima bila kumtazama usoni.

Dada, acha nikueleze habari ya mtihani tangu mwanzo, usije ukaisikia nusunusu kwa watu.

Unajua kwamba ile hospitali ya ng'ambo ilinipa ruhusa ya kuufanya mtihani wa Kiingereza mara tatu tu, na kwamba mara mbili nilianguka. Kusoma, kusikiliza na kuzungumza nilifaulu. Kilichoniangusha ni barua. Mtu unaambiwa umwandikie rafiki yako, kirafiki. Mara ya kwanza nilimwandikia huyo rafiki kwamba ninayo heshima kumjulisha kuwa nimehama. Mara ya pili nikamwomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Ndicho Kiingereza tulichopewa shuleni, cha kumwandikia mkuu wa shule kuomba ruhusa ya kwenda msibani. Cha kumwandikia mtu unayempenda hatukufundishwa.

Mwalimu wangu wa jioni, yule mzee mstaafu tunayemwita Bwana Koma, alizisoma barua zote mbili akasema zimepigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe. Akasema Kiingereza cha watu wanaojuana kinaishi kwenye vile vitenzi vidogo vinavyotembea na wadogo zao mkononi, maneno mawili au matatu yakishikana kuleta maana moja. Ana desturi yake. Kila Jumatatu tunachota karatasi kwenye kofia yake, kila mtu kitenzi kimoja, na kila siku unaleta sentensi moja ya kitenzi hicho. Sharti ni kwamba sentensi iwe ya kweli. Fundi magari mmoja darasani aliandika kwamba ameachana na mkewe. Mwalimu akampa pole, akamuuliza ni lini. Fundi akasema la, wako pamoja, huo ni mfano tu. Alifutishwa ubao wiki nzima, na akaambiwa auchane huo mfano kabla mkewe hajaukuta mfukoni.

Mimi nilichota "put up with". Ni kuvumilia, Dada, lakini si ule uvumilivu wa kusifiwa na watu. Ni kuvumilia huku unanung'unika, kama mtu anavyomvumilia jirani mwenye redio. Nikaandika kwamba navumilia mvuke, navumilia hadithi za Mama Wanga, navumilia kitanda kinacholia nikigeuka. Zote zikapata vema. Ijumaa Bwana Koma akaniita pembeni. Alisema kitenzi nimekishika barabara, ila sentensi zangu zote ni nyepesi, nimletee moja nzito. Nilijua nzito ni ipi. Nikamletea habari ya viatu vinavyobana.

Siku ya mtihani swali lilikuwa jepesi hata nikaona aibu kwa furaha. Umehamia nyumba mpya. Mwandikie rafiki yako umwalike, umweleze njia ya kufika, na umwambie utampikia nini. Bwana Koma alikuwa ametuusia tuweke mtu halisi mbele ya kalamu. Nikatafuta rafiki, sikumwona. Nikakuweka wewe.

Nilianza vizuri, nakwambia. Nikakusalimu, nikakutania kidogo. Nilipofika pa kukueleza njia nikaandika kituo cha basi, nikaandika ushuke upande wa duka la vioo, na hapo nikakuona umesimama kituoni umeshika mfuko, unageuka kutazama ulikotoka. Nikajiuliza, huyu akiwa huku, Baba anageuzwa na nani? Kalamu ikakataa kwenda dukani. Ikaenda kwako. Msimamizi alipotangaza muda umekwisha, nilikuwa nimejaza kurasa zote mbili, na nyumba mpya nimeigusa kwa sentensi moja tu.

Matokeo nimepewa jana jioni. Kwenye lugha nimepata alama za juu kuliko wote darasani kwetu. Chini yake wameandika kwamba lugha ni ya asili, na kwamba vitenzi vya kirafiki vimetumika mahali pake. Chini ya hapo wameandika kuwa sikujibu swali: hakuna mwaliko, hakuna njia iliyokamilika, hakuna chakula. Nimeanguka. Bwana Koma aliingia ofisini kunitetea, akatoka akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi, kofia magotini. Alisema ameisubiri barua hiyo kwangu tangu siku ya kwanza, ila amesikitika nimeituma kwa asiyehusika.

Kwa hiyo mlango umefungwa. Hakuna mara ya nne. Dada, ulifunika cherehani yako kwa shuka ukabaki kumhudumia Baba ili mimi nisome, nende, kisha tumpatie Baba mtu wa kumwangalia, nawe urudi kwenye kazi yako na wateja wako. Hayo ndiyo tuliyoagana. Kila simu uliniambia nisijali, bado kidogo. Hiyo kidogo sasa haipo. Usiku kucha nimekunja shuka nikitafuta namna ya kukuambia, na kila namna niliyoipata ilikuwa imepigwa pasi.

Basi nakuletea ile yenyewe. Wale wa mtihani wameshaisoma na kuipa alama, wewe mwenye barua hujaisoma. Nakugeuzia kiini chake kwa lugha yetu, kama ninavyokikumbuka:

Dada, usije. Nyumba mpya ni chumba kimoja, na dirisha linatazama ukuta. Watu husema ninavumilia mengi huku peke yangu, nami huwaacha waseme. Ninachovumilia ni mvuke tu. Nisichoweza tena kukivumilia ni jambo moja. Siku niliyoondoka, ulinifuta machozi mlangoni kwa upindo wa kanga yako ukasema najua, najua, kuagana ni kuchungu. Hukujua. Nililia kwa kufarijika kwamba si mimi niliyebaki. Baba alikuwa anatutazama kwa lile jicho lake zima, na mpaka leo nadhani yeye alijua.

Ndivyo nilivyoandika. Nimeisoma tena hapa juu na sikufuta neno.

Jumamosi nakuja. Nimeshamwambia msimamizi wa zamu, naye ameniuliza nitarudi lini, nikaendelea kukunja. Ifunue cherehani, uitie mafuta. Kumgeuza mgonjwa sijawahi, lakini kutandika na kukunja shuka hakuna wa kunifundisha, na mengine utanionyesha. Sijui kama nitaweza, Dada. Nakuja hivyohivyo nikiwa sijui. Naogopa. Ukitaka kunitukana, nitukane nikiwa nimeshafika. Tafadhali usiniambie si kitu.

Mshike Baba mkono ule mzima kwa niaba yangu. Habari hizi usimpe, nitampa mwenyewe. Wasalimie majirani wote, hata yule wa redio.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku

Nyongeza: Saa nne na robo asubuhi nilijilaza na viatu vyangu, nikaendelea kutazama dari. Usingizi ulinichukua kwenye saa sita. Nimeamka, sasa naifunga bahasha.