Khanga Yangu Kwenye Banda la Kasuku

Mtinko, Singida,
5 Aprili 2024.

Mpendwa mdogo wangu Winfrida,

Marahaba. Najua shikamoo umeitoa hata kabla hujakaa chini kusoma. Hujambo huko Mtwara? Kile kifua kimepona? Sisi tupo, Mungu anatusaidia. Uwele umetoa masuke vizuri, na kweleakwelea nao wameshafika, kwa hiyo kutwa nzima tuko shambani tunaamia ndege. Sauti imenikauka kwa kupiga kelele.

Mwanao Flora ni mzima, anaona, na sasa hivi anakimbizana na kuku hapo nje. Nimetanguliza hilo makusudi, maana kuna jambo nimeshindwa kukwambia kwenye simu. Kila nikitaka kukupigia, naiweka simu chini.

Jumatatu ya Pasaka mwanangu Chediel alitupeleka mjini, kwenye bustani mpya ya michezo ya watoto. Kuna bembea, kuna katreni, na kuna banda la kasuku. Si banda la kuchungulia, Winfrida. Unaingia mwenyewe, wavu juu, wavu pembeni, na mlango unafungwa nyuma yako. Ulipofungwa, niligeuka kuutazama. Nilitaka kutoka, lakini Flora alishanivuta mkono.

Dada anayewatunza ndege akamtilia mtoto alizeti kiganjani. Loo! Walimshukia kutoka kila upande, wa kijani, wekundu, midomo imepinda kama ndoano. Mmoja akatua begani, akasogea, akasogea, mdomo ukawa karibu kabisa na jicho. Flora anacheka. Mimi naliona jicho linang'olewa. Uliniachia mtoto ana macho mawili, ningekujibu nini mimi?

Basi nikafanya kile ninachofanya kila siku shambani. Nikaivua khanga ya mabegani, nikaizungusha kwa nguvu, nikapiga ule ukelele wetu: "Hayaaa! Hooo!" Ndege wote wakaruka kwa pamoja, watu wakainama, watoto wakalia. Walipotulia, Flora hayupo.

Nikamwita. Nikamwita tena, huku napenya katikati ya watu. Sijawahi kuogopa vile, hata siku ile fisi alipoingia zizini. Chediel ndiye aliyemwona, chini ya meza ya maji ya ndege, kajikunyata, damu inamchuruzika chini ya jicho. Nikamgeukia yule dada wa watu, "Ndege wenu wamemtoboa mwanangu!"

Flora akasema, "Siyo ndege, mama mkubwa. Ni khanga."

Nikashika pindo la khanga yangu. Ufunguo wa nyumba ulikuwa humo, nimeufunga fundo asubuhi, si unajua tulivyozoea. Nilipoinama nimbebe, mtoto akafunika uso kwa mikono yote miwili.

Hospitali walimsafisha, daktari akammulika, akasema jicho lenyewe halijaguswa. Ule ufunguo ungepanda juu kidogo tu, sijui. Sitaki hata kuandika. Kidonda kinakauka vizuri, lakini tangu siku ile nikijitanda khanga alikuwa anakimbilia nyuma ya nyumba. Mdogo wangu, hilo liliniogopesha kuliko damu. Nikasema nimempoteza mtoto wa watu akiwa humu humu ndani kwangu. Ukitaka kuja kumchukua, una haki. Ila nakuomba usije na hasira, atadhani kosa ni lake.

Nisalimie shemeji Gasto, na mwambie jembe lake bado lipo. Kaka Antipasi anakusalimu sana, yeye ndiye anayeipeleka barua hii stendi. Mungu akulinde huko uliko, na akupe moyo wa kunisamehe.

Ufunguo sasa nauvaa shingoni. Leo asubuhi nilijitanda khanga twende shambani. Flora akaja taratibu, akapapasa pembe zote, moja moja. Alipoona hazina kitu, akanishika mkono, tukaenda.

Dada yako akupendaye, mwenye hofu bado,
Redempta